Mkate Unavimba

Jumatatu, 2 Machi
Darasa la jioni limefunguliwa tena. Watu wazima watupu: mimi muoka mikate, fundi saa, dada wa saluni na dereva mmoja anayesinzia tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu ni binti mdogo, ningeweza kumzaa, lakini akishika chaki hana mchezo.

Ametuuliza kila mmoja anajifunza Kiingereza kwa ajili ya nini. Nimesema nina mjukuu, nikakaa. Sikuyasema mengine. Kwamba mwanangu wa pekee alikwenda ng'ambo, akaoa huko huko, akazaa huko huko. Kwamba mtoto ana miaka sita na Kiswahili anajua "bibi" tu. Mkwe ndiye kabisa, hata hilo hana! Kila Jumapili tunatazamana kwenye simu, tunacheka, tunapungiana mikono kama mabubu. Nimechoka kupunga.

Alhamisi, 5 Machi
Leo somo tamu — maneno ya vitu vinavyokua haraka. Nikasema hapa ndipo penye kazi yangu.

Mwalimu anasema Kiingereza kina neno kwa kila namna ya kukua, na ukilipachika pasipo pake utaeleweka vingine. Maduka yakizuka kila kona, ni "mushroom". Kumbe hapo tumekutana nao, sisi pia tunasema yameota kama uyoga. "Balloon" ni gharama iliyopanda, au mtu aliyenenepa ghafla, ila usimwambie usoni, si sifa. "Burgeon" ni kukua kuzuri, kama kuchipua, lakini sokoni hutalisikia, ni la magazetini. Halafu "snowball": jambo dogo linabiringika mpaka linakuwa kubwa, kama donge la theluji. Fundi saa akauliza, sasa hiyo theluji mbona haiyeyuki njiani? Hakuna aliyewahi kuishika. Mwalimu naye akakiri hajaiona. Tulicheka mpaka dereva akaamka.

La mwisho "swell". Mto unajaa, sauti inapanda, kichwa cha mwenye majivuno kinafura. Nimelipenda. Linajaza mdomo. Muda ukaisha kabla sijauliza habari za mkate, nikajijibu mwenyewe: unga uliotiwa hamira ukiumuka, si ndiyo swell hiyo hiyo?

Jumamosi, 7 Machi
Nimekanda huku nafanya mazoezi. "My bread is swelling every morning", yaani mkate wangu unaumuka kila asubuhi. Nimeiambia tanuri. Nimeuambia mlango. Mteja wa kwanza kaniuliza naongea na nani. Nikamwambia na mjukuu wangu.

Kesho!

Jumapili, 8 Machi
Alianza mwanangu. Uso umejaa, mashavu ya utotoni yamerudi. Nikamwambia umenawiri baba, huko wanakulisha. Akasema ni chakula cha huku, mama, na kukaa kukaa. Nilifurahi. Miaka yote hii nilikuwa namwona amekonda. Nikamuuliza anakuja lini, akasema mambo yakikaa sawa. Hajawahi kunijibu vingine.

Kisha mtoto akachukua simu. Meno mawili ya mbele hayapo! Nikaitoa sentensi yangu yote bila kukwama. Akacheka, akarudia "swelling?", akasema kama miguu ya baba. Eti baba anavaa ndala nje na baridi yote hii.

Mwanangu akamnyang'anya simu. Eti mtandao mbovu.

Nami nilikuwa juu ya mawingu. Nimemwelewa mjukuu wangu! Sentensi nzima, mara ya kwanza tangu azaliwe. Nilimsimulia hata jirani.

Baadaye — nilikuwa nasugua trei ndipo maneno yenyewe yaliponifikia. Miguu. Nikakaa juu ya gunia la unga na maji yanachuruzika mikononi.

Jumatatu, 9 Machi
Mikate imeungua upande. Wateja wamenunua hivyo hivyo kwa kunionea haya.

Marehemu mume wangu alianzia miguuni. Alilalamika viatu vimesinyaa kwa mvua, tukamtania kwamba viatu vinazeeka kabla yake. Kisha uso ukajaa, majirani wakasema amenawiri. Kumbe figo. Mwanangu ndiye aliyekuwa akimkanda ile miguu kila jioni, anaijua kuliko mimi. Hawezi kuniambia hajui kinachomsibu. Anajua, ndiyo maana simu anaishika karibu na uso, haishushi chini ya kola.

Nimempigia. Hakupokea. Ameandika tu: nimenenepa mama, usianze.

Nami nilimsifia. Umenawiri, nilimwambia, kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi, 12 Machi
Nimebaki na mwalimu baada ya somo. Mkate ni "rise", kasema, kupanda tu. Ukisema "swell" kwa mwili, ni uvimbe. Akaniomba radhi kwa kutolisema wiki iliyopita. Nikamwambia, asante binti yangu kwa kulisahau. Hakunielewa, na sikumfafanulia. Ningelijua neno sahihi, mtoto asingenicheka wala kutaja miguu, na mimi bado ningekuwa nafurahia mashavu.

Nikamuuliza, je, mtoto wa miaka sita anaweza kuchanganya kunenepa na kuvimba? Akafikiri. Akasema aliyezaliwa na lugha hiyo, hapana.

Fundi saa alinisubiri mlangoni. Akabeba mkoba wangu mpaka kona ya nyumbani, akizungumzia saa za ukutani njia nzima. Hakuuliza kitu. Mungu ambariki.

Ninachotaka ni kidogo. Nimwekee mguu wake pajani, nimkande kwa mikono hii. Siku nzima nakanda unga wa watu, na mwanangu niliyemzaa namgusa kwenye kioo. Juzi nimeshika mashavu yake kwenye simu, picha ikajifunga.

Jumapili, 15 Machi
Nimepiga mimi, saa ambayo hawakunitarajia. Simu nimeiegemeza kwenye birika. Naandika huku iko hewani, mikono ipate kazi.

Alikuwa amevimba macho. Akaanza, mama, leo mbona mapema. Nikamwambia shusha simu nione miguu. Akacheka. Nikasema baba, sijasema jambo la kuchekesha. Akasema ana kazi. Nikasema Jumapili? Akasema atakwenda hospitali wiki ijayo, naahidi mama. Nikamwambia babako aliahidi wiki ijayo.

Nilisikia saa yao ya ukutani.

Nikamwambia sina nauli ya kukufuata, sina njia, nina macho tu. Nipe nione. Hapo akainamisha kichwa na kulia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi. Sikumnyamazisha.

Sasa ameiweka simu mezani, naona dari yao. Nyeupe, ina ufa. Anasema subiri, navua soksi. Anahema kama aliyepanda ngazi. Nasikia miguu midogo inakimbia sakafuni — mtoto amekuja kumsaidia. Soksi imenasa. Baba yake anasema aah.

Mtoto ananiuliza mimi. Bibi, nivute kwa nguvu?

Nataka kumwambia polepole. Neno lake la Kiingereza nalijua, nililitamka darasani Alhamisi. Maneno yote ya kukua haraka haraka yako hapa mdomoni, na hilo moja limenitoka.