Filamu ya Tauni na Mlango Wetu

Dada mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo wodini, wewe na wauguzi wenzako. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, na mama anasema ule vizuri, maana kwenye picha uliyotuma umekonda kama ufito.

Nina habari za ile filamu. Ni ya kutisha kwelikweli: tauni imekaribia kumaliza dunia, hospitalini amebaki muuguzi mmoja tu na wagonjwa wake. Kazi yangu ilikuwa kuwabandika waigizaji vidonda vya gundi, jelatini na unga wa kahawa. Siku ya kwanza nilivipanga vizuri mno hadi muongozaji akaniuliza kama nilikuwa nadarizi foronya. Mwanamke yule ana ulimi! Lakini namvulia kofia. Anakuonyesha mtaa mtupu na kiatu kimoja cha mtoto, basi, nawe nywele zinakusimama mchana kweupe.

Siku moja mwigizaji wa yule muuguzi alitoka wodini, akavua glovu, kisha akaishika barakoa upande wa mbele, hata mikono hajanawa. Nikapiga ukelele asijiguse, na kamera inarekodi! Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Muongozaji aliponiuliza nimejifunzia wapi, nikamweleza habari zako: jinsi ulivyokuwa ukivua vazi la kujikinga hatua kwa hatua mwaka ule wa ugonjwa, ukinawa kila hatua, na ulivyoandika jina lako kifuani kwa kalamu nene ili wagonjwa wajue nani yumo ndani. Yote akayaingiza. Mwigizaji aliyafanya kwa utulivu wako kabisa, nikalia na brashi mkononi.

Jana tuliitazama ukumbini. Watu walisimama kupiga makofi. Nilijivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika.

Ila kuna kipande kingine nilichomsimulia muongozaji. Muuguzi anaugua, anapona, anarudi kwao na cheti cha kupona mkononi. Anabisha, hafunguliwi. Anakaa kizingitini, mwishowe anabeba begi lake na kuondoka. Kumbe mdogo wake yumo ndani, amesimama nyuma ya mlango, ameziba mdomo kwa mikono. Ukumbi mzima ulimzomea. Mama mmoja kando yangu alisema huyo si mtu.

Dada, sikuwa kazini siku ile uliyobisha. Nilikuwa ndani. Nilikusikia ukiniita mara tatu, nikaogopa ugonjwa, sikufungua. Mama aliporudi na kusikia umerudi kulala hospitali alinigombeza, na wewe ndiye uliyenitetea kwamba sikuwepo. Miaka yote hii nimekuacha unitetee.

Filamu itafika huko kwenu mwezi ujao. Sikutaka uujulie ukweli huu gizani, katikati ya watu wanaonizomea.

Nisalimie wote wanaonifahamu. Usiponijibu nitaelewa. Lakini nakuomba, dada, nijibu.

Ni mimi mdogo wako.