Wimbo Umetoka Kabla ya Siku Yake

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wangu Chiriku kanisikilizisha wimbo wake leo. Umekamilika! Mwaka mzima amefua nguo za watu apate ya kulipia studio. Nimelia kama mjinga. Kuna kampuni itauuza mitandaoni, kila mtu akiusikiliza Chiriku apate chake. Sharti ni moja: usisikike popote kabla ya tarehe ishirini na tano. Anao yeye, fundi wa studio, na kanitilia mimi kwenye simu. Eti bibi ni mke mwenza wake, hawezi kumsaliti. Nikamwambia kwangu umefika kaburini.

Alhamisi, 6 Machi

Spika ya simu ilikuwa inakoroma. Nimeipeleka kwa fundi simu wa pale kona. Akaijaribu kwa wimbo uleule, akasimama na bisibisi mkononi. Nani huyu? Nikavimba kichwa — mjukuu wangu. Akaomba abaki nao, ausikilize akiwa kazini. Nikasema chukua, ila uwe wako tu. Akasema wake tu.

Jumapili, 9 Machi

Jirani mshonaji anauimba. Anakanyaga cherehani na kuuimba, beti zote mbili! Kaupata kwa mkwewe, mkwewe kaupata kwenye kundi la simu la kazini. Anausifu: mtamu, na wa bure.



Jumatatu, 10 Machi

Nimemwendea fundi simu. Nimemwita mwizi mbele ya wateja. Hakukasirika hata. Akanijibu taratibu:

"Mama, mwizi huchukua. Mimi ulinipa."

Kumbe huwa anawajazia watu nyimbo mpya kwenye simu, nyimbo mia kwa mkupuo, na wa Chiriku kauweka wa kwanza kwa kuupenda. Akaufuta mbele ya macho yangu. Hapohapo simu ya mteja wake ikaita — kwa wimbo huohuo.

Mimi nilidhani ni kama kumwonjesha mtu mchuzi. Anaonja, anarudisha kijiko. Shule sikuiona hata mlango, herufi hizi kanifundisha Chiriku akiwa darasa la pili. Ya wimbo kuzaana ndani ya simu hakunifundisha mtu.

Nimepita duka kwa duka kuomba waufute. Mwuza nyama akasema nishukuru, mtoto anapata jina. Nikamwuliza mbona yeye haiachi nyama mezani na kisu juu, kila mpita njia akate aende, apate jina. Wakacheka wote. Yeye alicheka kuliko wote, kisha akaongeza sauti ya redio yake. Wimbo ni huo.

Jumatano, 12 Machi

Kampuni imempigia Chiriku. Wimbo uliokwisha kuzagaa hawautaki, na wa pili hawatausikiliza. Msichana hakula. Hakulia pia, na hilo ndilo linaloniua. Anakunja nguo za watu tu, anakunjua, anakunja.

Anamshuku fundi wa studio. Anasema ni yeye au ni bibi, na bibi hata kutuma ujumbe hajui. Akacheka kidogo aliposema hivyo, akanilalia begani.

Mimi niliyemwambia mkwe wangu kuwa ni mvivu, siku ya harusi yake, mbele ya wageni! Leo ulimi umelala kama gogo. Nikamchemshia uji. Uji!

Ijumaa, 14 Machi

Kamleta fundi wa studio. Wako sebuleni, mlango wangu nimeurudishia. Kijana wa watu anaapa kwa watoto wake. Chiriku anamwambia atawatangazia waimbaji wote asirekodi kwake mtu tena. Anamsihi asifanye hivyo, hana kazi nyingine.

Nimekaa kitandani na daftari. Nikitoka nikasema, nampoteza mjukuu. Nisiposema, yule kijana atakula wapi?

 Sasa Chiriku ananiita mimi.

"Bibi, njoo. Wewe humfichi mtu kitu. Mtazame machoni uniambie kama anasema kweli."

Nimeitika nakuja, natafuta miwani.

Miwani ninayo usoni. Ananiita tena —