Ya Kwanza Kati ya Tatu

Jumatatu, 22 Mei
Zamu imekwisha, miguu imevimba. Chai baridi. Kitivo cha udaktari kinataka sisi wanafunzi tupange hospitali tatu za mji ifikapo Ijumaa: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huko ndiko tutakakobobea. Upasuaji katika hospitali kubwa una nafasi moja tu. Naitaka.

Jumanne, 23 Mei
Nimezizunguka zote. Ya masista, hapa Kabondo: safi, dawa zipo, wagonjwa ni watoto tu. Karibu na nyumbani. Ya ng'ambo ya mto: daktari mmoja, mwanafunzi anashika kisu mapema, lakini pirogi, mitumbwi ya kuvukia, hazivuki askari wakinuna. Hospitali kubwa: makabati matupu, umeme wa bwawa la Tshopo unakatika unavyotaka.

Lakini yupo Daktari Lokwa. Leo askari aliingia na bunduki, anataka mwenzake apasuliwe kabla ya mama aliyeshindwa kujifungua. Daktari hakuinua sauti. "Viatu na bunduki inabaki inje. Mama huyu ndiye wa kwanza." Askari akavua viatu kama sisi sote. Bunduki akaiegemeza ukutani, nje. Mimi niliangusha mkasi. Huyo ndiye ninayetaka anifundishe.

Alhamisi, 25 Mei
Papa, baba yangu, anauza chumvi kwa jumla tangu tuhamie hapa kutoka Butembo. Kila kizuizi cha yale majeshi mawili ya kigeni yaliyogawana mji kimeonja chumvi yake, kwa hiyo anavijua vyote. Leo mezani: "Mutoto yangu, kwenda kule hospitali kubwa unapita kwa jeshi hii, kurudi unapita kwa ile. Bon. Siku watapigana, utalala wapi? Andika kwa masista."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe ni sisi. Nina hasira. Nina woga pia, na woga ndio mkubwa.

Ijumaa, 26 Mei
Nimeandika masista, ya kwanza. Bosco, mwenzangu wa darasani, alichungulia akacheka: "Weye? Pédiatrie? Kutibu watoto?" Papa amefurahi, amechinja kuku. Najichukia.

Jumapili, 4 Juni
Askari wanachimba mahandaki barabara ya Simi-Simi. Majirani wanafunga mizigo, wanafungua, wanafunga tena. Papa anasema yatapita.

Jumatano, 7 Juni
Chini ya kitanda. Mabomu tangu juzi. Moja limebomoa wodi ya watoto kwa masista. Hapa hapa, karibu na nyumbani! Papa anasali rozari, anapotea katikati, anaanza upya.

Jumatatu, 12 Juni
Kimya. Kitivo kimefungwa, karatasi zetu hakuna aliyezisoma. Asubuhi nilivaa koti jeupe. Papa alisimama mlangoni, nikajua atanizuia. Akasema tu, "Pita kwa njia ya kanisa."

Nilipita. Mambo niliyoyaona njiani sitaki kuyaandika. Hospitali kubwa majeruhi wamelala hadi uani. Daktari Lokwa, macho mekundu, hakunikumbuka.

"Weye uko wa service gani?"

"Chirurgie, Docteur," nikasema. Upasuaji.

Akanisogezea ndoo ya maji ya kunawia. Nikavua viatu.