Bia za Harusi Yangu

Outi, nimetoka bandarini sasa hivi.

Si unajua Niilo na mama yake walinipeleka Tallinn, ng'ambo ya bahari, kununua bia za harusi yetu, maana kule ni bei rahisi?

Tuliposhuka melini Helsinki na matoroli yetu matatu ya bia, afisa wa forodha akauliza, "Zote hizi za nini? Za kuuza hulipiwa ushuru."

Mama mkwe akacheka. "Za harusi, mwanangu! Bibi harusi si huyu hapa?" Akatoa kadi ya mwaliko.

Kadi! Sisi hata tarehe hatujapanga.

Nikachungulia. Bwana harusi Niilo. Bibi harusi Päivikki.

Päivikki, Outi! Si jina langu!

Afisa akaniambia, "Hongera, Päivikki." Nami kwa aibu zangu nikajibu, "Asante."

Niilo anasema mchapaji alikosea. Mbona kadi imechakaa pembe zote?

Na Jumamosi wanataka turudi tena Tallinn, kununua bia nyingine za "harusi".