Mchanga Chini ya Nyumba ya Mokami

Itiryo, 6 Oktoba 2024

Shikamoo dada Agness,

Sisi huku wazima. Brayan ameota jino la tatu, ananing'ata akinyonya halafu ananicheka. Baridi ya Uholanzi umeizoea? Naandika nikiwa kilimani maana nyumbani mtandao haushiki, na simu nachaji dukani kwa Heche mara moja kwa juma.

Yale mabomba matatu uliyoniachia ulipoenda kuchimba Morotonga, dereva wenu aliyachukua. Watu bado wanauliza. Wanasema mtu hawezi kushinda siku mbili ndani ya shimo kando ya mto, agongee mabomba ya chuma ukutani, ayafunge plastiki nyeusi, halafu iwe ni mchanga tu. Si unajua, mgodi hauko mbali, kila anayechimba wanaona anachimba dhahabu. Nikiwaambia dada yangu anatafuta umri wa mchanga, wananiuliza kama mchanga nao una siku ya kuzaliwa.

Sasa habari yenyewe. Baba mkwe ametupa kiwanja, pale pale ulipochimba, kwenye tambarare. Mseti wangu akirudi likizo kutoka mgodini Genkuru tunaanza kufyatua matofali. Nyumba yangu mwenyewe, dada. Miaka miwili napika kwenye jiko la mama mkwe, hata chumvi naomba.

Mdogo wako,
Mokami, mama Brayan


Uholanzi, 21 Januari 2025

Mdogo wangu Mokami,

Marahaba. Mbusu Brayan hapo penye jino. Mimi mzima, ila nina neno, lisome taratibu.

Ndani ya mchanga kuna chembe za mawe meupe. Zikifukiwa gizani huanza kujaza nguvu kidogo kidogo, kama betri. Zikiona jua, nguvu zote hufutika, zinaanza upya. Ndiyo maana nilikukataza kuyafungua mabomba. Huku maabara tunafanya kazi kwenye taa nyekundu hafifu, tunazimulika, nazo zinatoa mwanga wao. Tukiupima tunajua zimekaa gizani miaka mingapi.

Nilitegemea maelfu. Mchanga ulio hatua moja chini ya kiwanja chenu umefukiwa miaka sitini tu. Ule wa chini yake, mia na thelathini. Na yote miwili ina mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe, uliyaona mwenyewe. Maji ya kila mwaka hayabebi mawe hayo. Mto uliacha njia yake ukapita hapo, mara mbili. Sioni sababu ya kutopita tena.

Msijenge. Kama mmeshajenga, masika yakianza msilale humo. Mwambie Mseti aseme na baba yake.

Dada yako,
Agness


Itiryo, 2 Machi 2025

Shikamoo dada,

Nisamehe kwa kimya. Ujumbe wako niliusoma nikakaa chini palepale kilimani. Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nikamwambia Mseti.

Kwa baba mkwe siwezi kwenda, unajua kwetu mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe akasema kiwanja chako kibaya. Mseti naye alisema mzee akisikia kiwanja kimekataliwa hatatupa kingine. Nikamwuliza mama mkwe, polepole, tukichambua mboga, kama kuna mtu aliwahi kujenga pale. Akasema alipoolewa alikuta ni malisho tu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Wewe umepewa, unauliza kwa nini?" Akainuka na ungo wake.

Ila dada, usiogope tena. Nina jambo la kukuungamia, na ndilo linalotuokoa.

Ulipokuwa Morotonga, baba mkwe, tata Mwikwabe, alisema umebeba dhahabu ya shamba lake, atakupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Niliona aibu kwa ajili yako. Nikachukua bomba moja, nikamwita mama mkwe uani saa sita mchana, nikalifungua, nikamwaga kwenye ungo juani. Akapekua kwa vidole mpaka akachoka. Mchanga tu. Akaenda kumwambia mzee, yakaisha. Nikaurudisha wote, nikafunga ile plastiki vizuri, nikanyamaza.

Sasa si umesema jua linafuta? Basi umeonekana mchanga mdogo kwa sababu niliuanika mimi. Mchanga wenyewe ni mzee kama ulivyotegemea. Nimekuharibia kazi, nipige ukija. Lakini nimelia kwa furaha. Mseti ameezeka, Alhamisi tunahamia.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Mokami


Uholanzi, 9 Machi 2025, asubuhi

Mokami,

Nilikuwa safarini, nimeusoma sasa hivi. Sijakasirika. Nisikilize.

Mabomba yalikuwa matatu. Moja lilikuja limefutika kabisa, halina kitu, nikadhani kosa ni langu, nikaliweka kando bila kukuambia. Ndilo hilo uliloanika. Miaka sitini na ile mia na thelathini imetoka kwenye mawili ambayo hukuyagusa. Hukuharibu chochote. Mchanga ni mdogo kweli.

Toka humo leo. Usimngoje Mseti, simu yake haipatikani, nadhani yuko chini mgodini. Beba mtoto uende kwa mama mkwe kule juu, umwambie mimi ndiye niliyesema, anichukie mimi. Nimekupigia mara sita. Nimempigia Heche, anasema mvua huko ni kubwa tangu jana, atakuja kwenu ikipungua.

Nijibu neno moja tu.

Dada yako


Itiryo, 9 Machi 2025, alasiri

Shikamoo dada,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima, Brayan anasimama akishika ukuta. Ukuta wangu!

Nimekimbia kilimani mvua ilipopumzika kidogo. Nimeona ujumbe wako umeingia, ni mrefu, nikajua umenisamehe. Sijaufungua, chaji imebaki kidogo sana na nataka kuusoma nimetulia, kesho nikitoka kwa Heche. Hii iliyobaki nakutumia picha ya nyumba. Hapo mlangoni ni mimi, Mseti alinipiga picha jana kabla hajarudi kazini. Huo mto nyuma usiushangae, umejaa kidogo, tangu asubuhi una sauti kama magari.

Ngoja niteremke, nimemwacha mtoto amelala.

Mdogo wako,
Mokami