Alama Chini ya Mtutu

Mafinga, Jumanne

Baba, shikamoo. Natumaini huko Mbalizi mmeamka salama. Huku ukungu haujaondoka tangu asubuhi na nimevaa sweta mbili.

Jana nilikwenda kwa Mzee Abdalla, mfanyabiashara wa mbao anayehifadhi bunduki za zamani kwa kibali. Alinikaribisha chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, kisha akanionyesha gobore refu linalonifika begani. "Hili liliundwa hukuhuku Mufindi," akasema, "ila fundi wake sijampata."

Akalegeza mtutu, akaunyanyua polepole. Kwenye ubao uliokuwa chini yake palichongwa jembe dogo na nukta tatu. Ni alama ileile uliyokuwa ukituchorea kwenye majivu ya jikoni, ukituambia kwamba babu alikuwa mhunzi wa bunduki, nasi wanao tukicheka na kusema unajitungia.

Nilimsimulia mzee yote. Alichukua kikaratasi kilichofungwa kwenye kitako, kilichoandikwa "fundi hajulikani", akakigeuza na kunipa kalamu.

"Andika wewe, mjukuu wake."

Nimeandika jina la babu lote, kwa herufi kubwa.

Nisamehe kwa kile kicheko, baba. Nakushukuru kwamba hukuchoka kutusimulia, maana ungenyamaza, jana ningeliangalia tu gobore la watu na kunywa chai yangu. Mungu akupe nguvu za miguu uje ulishike mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Neema