Boyeri, na Jina la Baba

Kapinga mujukuu wangu,

Jambo sana huko Lusaka. Hapa Shituru niko muzima. Mama yako mudogo alihamia Kolwezi na watoto, siku hizi napika sahani moja tu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nyumba ndogo ya uani, hii ninamokaa, tunaiita boyeri, kwa kuwa mwalimu wako wa Kiingereza anasema "boi" ni mtoto wa kiume. Mwalimu hakukosea. Lakini wazungu wa hapa walimwita hivyo mutumishi wa nyumbani, hata mwenye mvi, na pale alipolala pakawa boyeri.

Baba yangu alikuwa boi. Siku moja nilimupelekea bukari, ugali wetu, kazini. Baba alikuwa anakula pale uani, mara mtoto wa mzungu aliyemutumikia, asiyefikia hata umri wa shule, akaita kutoka barazani, "Boi!" Baba akaacha tonge, akasimama. "Ndiyo, bwana."

Aliporudi alinikuta nalia.

"Iko nini?"

"Weye si mutoto, baba."

Akasema, "Taja jina yangu."

Kwetu mtoto hataji jina la baba yake. Nikalitaja kwa sauti ndogo: "Ilunga."

"Tena."

"Ilunga."

Ndipo akaketi, akamaliza bukari yake.

Kapinga, wote walioniita kwa jina langu wamekwisha kufa. Ukipiga simu Jumapili, usianze kwa kuniita Nkambo, bibi. Niite Ngalula, mara moja tu.

Nkambo yako